Posa Iliyopita Hewani

"Zima hilo dubwana lako, ukavae. Wageni wako njiani."

"Ulinipa muda hadi alasiri, Ami. Alasiri haijaingia."

Fundi, binti wa nduguye, hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kompyuta kongwe yenye maandishi ya kijani, aliyoiunga kwa waya na redio yake ya mawasiliano. Kupitia waya ule, maneno yaliyoandikwa hugeuka milio, yakasafiri hewani, yakawa maneno tena kwenye kompyuta nyingine huko mlimani, kituoni kwa mpima mvua aliyeahidi kumposa.

"Siku tisa simu yake haipatikani," akasema ami. "Mwanamume akitaka kujificha, mlima unamtosha."

"Mvua imeangusha mnara wa simu na kufunga barabara. Lakini saa nane kila siku huwasha redio."

"Sasa saa nane na nusu. Kasema nini?"

Kiooni palijaa takataka tupu, herufi zilizogongana zisizosomeka. Kila zilipovurugika, Fundi aliongeza sauti ya redio, kama mtu anayempigia kelele kiziwi.

Simu ya ami ikalia. Akausoma ujumbe: "Tumeshatoka dukani na wazee. Alasiri tutaswali kwenu, inshallah."

"Huyo muuza saruji anayekuja kuniposa hajui hata kazi yangu, Ami."

"Anajua njia ya kufika hapa. Wako je?"

Neno likamchoma. Akainama, jicho likatua kwenye mshale wa redio unaopima sauti: umelala mwisho kabisa, haurudi. Akakumbuka siku walipoulehemu waya ule pamoja, mama yake amejikita kati yao na kapu la nguo. Mpima mvua alimwambia: "Kompyuta hii ina masikio mepesi, bibie. Ukiipigia kelele, haielewi kitu."

"Kumbe ni mimi niliyemziba mdomo!"

Akashusha sauti hadi robo, akaandika: NIPO. RUDIA. AMI YANGU ANASOMA.

Kisha herufi zikaanza kudondoka, moja moja:

SHIKAMOO MZEE WANGU. NINAITA TANGU SAA NANE. NAMPOSA BINTI YENU. BARABARA IKIFUNGULIWA NITAFIKA NA WAZEE WANGU.

Ami akavaa miwani, akasoma mara mbili.

"Posa bila shahidi ni upepo tu," akanung'unika, na Fundi akayaandika maneno hayo.

Kioo kikaandika tena:

SAMAHANI KWA KUINGILIA. MIMI MWALIMU MSTAAFU, NIKO MBALI. NIMESOMA YOTE. NASHUHUDIA.

NAMI MUUGUZI, NASHUHUDIA. MZEE, MKUBALIE KIJANA.

"Lahaula! Wanatusoma wangapi?"

"Hewani hakuna pazia, Ami. Kila mwenye redio na kompyuta ametusoma. Na mpima mvua mwenyewe alilijua hilo alipoandika."

Ami akamgeukia.

"Nawe umeridhia?"

"Magoti yamekufa ganzi, Ami, bado unaniuliza?"

Mzee akacheka bila kutaka. Akachukua simu, akamwandikia muuza saruji: "Mtuwie radhi, msisumbuke kuja. Binti ameshaposwa." Kisha akavuta kiti, akanyoosha kidole kimoja juu ya kompyuta kongwe.

"Hebu sogea. Nataka kuandika NIMEKUBALI. Hiyo N yenyewe iko wapi?"