Mshale Mwepesi wa Corinne

Theluji ilianza kuwamwagikia Corinne na kaka yake Dell wakiwa wameiacha njia mbali nyuma, wakifuata matone ya damu. Katika milima ile ya Idaho, mwindaji wa upinde hamtelekezi mnyama aliyemjeruhi. Corinne alikuwa amempiga begani dume la elki, paa mkubwa wa milimani, akatimka na mshale wake.

Waliukuta mshale umeanguka chini ya msonobari. Damu juu yake haikuvuka urefu wa kidole; haukuwa umezama.

Dell aliuokota. "Upinde wako hauna nguvu, halafu mshale unaufunga chembe cha mabawa, ncha ya nyembe za kukunjuka! Yale mabawa yakifunguka yanakula nguvu yote. Mfupa ungeupasua kwa maombi?"

"Mshale mwepesi una kasi. Si uliusifu mwenyewe?"

"Tulipokuwa tunalenga gunia, dada. Gunia lina mfupa?"

Corinne alimgeuzia mgongo. Akaendelea kutafuta damu, lakini theluji ilishaifukia. Nyuma yake Dell akapiga ukelele. Alikuwa ameteleza na mshale mkononi, na nyembe za chembe zikamzama pajani.

"Usiuchomoe!" Corinne alipiga magoti kando yake. Alifunga mkanda juu ya jeraha, akakaza mpaka Dell akatukana, kisha akauzungushia mshale skafu usitikisike.

"Gari liko wapi?" Dell aliuliza.

"Sioni hata mti wa pili. Tufuate kijito, kinashuka barabarani."

"Nina kiu."

"Maji haya hapa. Kunywa, unyanyuke."

Alimbeba nusu, akamburuta nusu. Mara mbili walianguka majini. Dell alipoanza kusema anataka kulala, Corinne alimzaba kofi, naye akilia waziwazi. Alichokitaka duniani ni kaka yake afike akiwa hai, basi.

Walipoigusa barabara, pikapu ya wawindaji wawili ilikuwa ikishuka polepole. Wawindaji waliwaingiza ndani, wakawasha joto. Dereva akauliza, kama wanavyoulizana wote huko, "Mmepata kitu?"

"Amenipata mimi," Dell akanong'ona, midomo ya buluu.

Dereva akacheka. Corinne hakucheka. Alitoa kibali chake cha elki, kibali pekee cha msimu ule, akakikata pembeni kwa kisu, kama anavyokata aliyeua; kikishakatwa hakiwindiwi tena.

"We, acha!" Dell alisema. "Hujampata. Msimu bado mrefu."

"Nilimpiga," Corinne alisema. "Yuko huko juu kwenye theluji, Dell, na nimemwacha. Huyo ndiye wangu."