Ireri Aliyekuwa Mita

Ninyi mnaoweka sola juu ya nyumba zenu, pamoja na ninyi mnaoitamani, vuteni viti karibu. Jambo hili lilitokea hapa Kanja miaka ya tisini, wakati nguzo za stima zilikuwa zimefika sokoni zikakataa kupanda mlima.

Boma la Ireri lilikuwa boma la amani. Alipopata bonasi ya majani chai alinunua paneli ya sola, betri ya gari na globu moja. Jioni mkewe Wambeti alichambua maharagwe chini ya taa hiyo, naye binti yao Mukami, aliyekuwa kidato cha nne, alisoma bila moshi wa koroboi machoni. Ireri alikaa kando akiitazama globu kama mtu anayemtazama ndama wake wa kwanza. Ungedhani ameridhika.

Jirani yake Nyamu alipoomba avutiwe waya, Ireri alikubali, akataka alipwe kila mwezi. Hapo sina neno. Betri hainunuliwi kwa maombi. Kisha akaunganisha nyumba ya pili, na ya tatu. Akaleta mita kuukuu kutoka kwa muuza vyuma, akaifunga ukutani. Kisahani chake hakikuzunguka hata kidogo. Mita ile ilitengenezewa stima ya nguzo, si ya betri. Fundi angemwambia hivyo, lakini fundi hulipwa, kwa hivyo Ireri hakumuuliza.

"Basi mita nitakuwa mimi," akasema.

Nawaambia kweli, mzee mzima akaanza kuzunguka madirishani kila jioni akihesabu vichwa. Kwa akili yake, taa inayotazamwa na watu wengi huisha haraka, kama chungu cha githeri. Mgeni akikutembelea, bili inapanda. Mama mmoja alijifungua, na Ireri akamwingiza mtoto kwenye bili kabla hajapewa jina.

Julai ikafika na ukungu wake. Mnaijua Julai yetu: jua tunalisikia redioni tu. Betri ikachoka, taa zikawa nyekundu kama jicho la mlevi, wateja wakanung'unika. Ireri angeweza kuwapunguza wateja. Badala yake alikata waya wa nyumba yake mwenyewe.

"Baba Mukami," Wambeti akamwambia, "mtoto ana mtihani. Asome na nini?"

"Asome mchana. Taa hii ina wenyewe, wamelipa."

"Na sisi ni wapangaji?"

Ireri akatoka kwenda kuhesabu vichwa. Wambeti naye hakupiga kelele. Jioni iliyofuata alifunga mlango wa jikoni, akamchukua Mukami na vitabu vyake, wakaenda.

Ireri, akiwa kwenye zamu yake ya kuwa mita, akachungulia kwa Nyamu akaona vivuli vimejaa ukutani. Akasukuma mlango kwa furaha.

"Nyamu, leo una harusi? Vichwa vimezidi viwili. Hiyo ni ya ziada."

Jedidah, mkewe Nyamu, alikuwa akipakua githeri. Hakugeuka. "Vihesabu tena, mzee. Hivyo viwili ni vyako."

Ireri akatazama. Mukami alikuwa mezani akipiga hesabu, mama yake kando na sahani mkononi.

"Mnafanya nini hapa?"

"Tunatumia sola yetu," Wambeti akasema. "Kwetu haifiki."

Nyamu alicheka hadi machozi yakamtoka. "Baba Mukami, hiyo ya ziada nikulipe mimi, au unilipe wewe? Maana na githeri wanakula."

"Twendeni nyumbani," Ireri akasema.

Mukami akauliza kwa adabu, macho kitabuni, "Baba, kuna taa?"

Swali hilo lilimmaliza. Ireri akatoka mbio, akaunganisha waya wa kwake. Globu ikamulika kidogo, ikazima, na za majirani zote zikazima nayo. Betri ilikuwa imekamuliwa hadi ikafa. Fundi, aliyeitwa hatimaye, alisema haifufuki. Pesa za betri nyingine hazikuwepo; Ireri alikuwa amezinunulia waya wa nyumba ya nne.

Mukami alisoma kwa Nyamu hadi mtihani, kwa taa ya mafuta, na githeri juu. Hakuna aliyemhesabu kichwa. Ireri ndiye aliyepeleka mafuta taa jioni, chupa mkononi, akibisha hodi mlangoni kama watu wengine. Binti alifaulu, akaenda chuo cha ualimu. Leo Ireri huwaambia wageni kwamba sola ndiyo iliyomsomesha. Wambeti humwacha amalize, kisha humuuliza, "Sola ipi?"

FUNZO

Kuuza umeme wa jua si dhambi, ila upimwe kwa chombo kinachoupima, na fundi aitwe mapema. Mteja alipie taa aliyotumia, si watoto wake wala wageni wake. Usiuze jua ambalo halijawaka. Wa nyumbani kwako wapate kwanza, kisha jirani. Mama zetu hawakumuuzia jirani kaa la moto la kuwashia jiko, wala hawakuzima jiko lao ili wampe. Anayeuza mwanga wote wa nyumba yake asishangae akiikuta familia yake kwa jirani, inakula.