Kitanda cha Mwisho Nyuma ya Pazia

Akina mama wenzangu, nisikilizeni, hata kama sufuria iko jikoni.

Asubuhi ile uani kwetu kulikuwa shwari. Jirani yangu alikuwa akianika nguo na kutaniana na mumewe, fundi paa, aliyekuwa anatoka kwenda kazini. Tulimwita Mama Dripu, maana kila akichoka alikimbilia idara ya dharura kutundikiwa dripu ya nguvu.

"Shoga, ukiingia kwa miguu utakaa benchi mpaka uote mizizi," alitufundisha. "Anguka mlangoni, geuza macho. Utabebwa kama bibi harusi!"

Tukacheka. Mtaa mzima ukajifunza.

Mchana nilikuwa kwenye benchi hilo hilo, nimempakata mwanangu aliyebanwa na kifua. Mama Dripu akafika, akaanguka vizuri kabisa. Akabebwa, akapewa kitanda cha mwisho chenye mtungi wa hewa. Pazia likavutwa.

Muda si muda wanaume wakaleta mwenzao aliyeanguka kazini, uso umefungwa shati lililolowa damu. Vitanda vimejaa. Wakamlaza sakafuni.

Nesi akafungua pazia. "Dada, wewe ni mzima. Tupishe, huyu anakata roho."

"Nimetangulia mimi! Sishuki mpaka daktari anione."

"Nakuomba, dada."

"Niguse nizimie tena, uone!"

Nesi akakimbia wodini kutafuta mtungi mwingine. Yule mtu sakafuni akawa anakoroma.

"Jamani, mwambieni huyo apunguze kelele," sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Kichwa changu!"

Akapunguza. Kisha akanyamaza kabisa.

Mama Dripu alipochoka kungoja, alishuka, akamruka yule mtu, akanikonyeza. Mmoja wa wale wanaume akashtuka.

"Shemeji! Nani kakuwahi na habari? Ndiyo kwanza tumemfikisha."

Mama Dripu akalifunua lile shati mwenyewe.

Msibani mawifi walimfukuza mbele za watu. Watoto wake wanalala kwangu. Mdogo huuliza baba atarudi lini, nami hujifanya sijasikia.

FUNZO

Idara ya dharura ni ya anayekufa, si ya aliyechoka. Uchovu na mafua vipeleke zahanati, usubiri zamu yako. Mwanangu nilirudi naye mzima, lakini ni bahati tu, ndugu zangu. Kitanda unachokikalia kwa hila kina mwenyewe, na hujui ni nani anayeletwa.