Kiti cha Pili Kiwe Kitupu

Sokoni Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, siku hiyo palikuwa hapapitiki. Magunia ya dagaa yalikuwa mpaka njiani na wanunuzi waligombana mbele ya mizani. Evelina alikuwa akimsubiri shangazi yake kivulini, amevaa shati jeupe lenye mistari mabegani na suruali ya buluu iliyokoza. Kijana mrefu akatua gunia miguuni pake.

"Afande, niangalizie hapa. Narudi."

Akapotea. Aliporudi akitweta, alimkuta bado amesimama palepale.

"Asante, afande. Unalinda kampuni gani?"

"Silindi. Najifunza kurusha ndege."

"Ndege gani, kunguru?"

"Kunguru anaruka bila kusoma. Mimi nimesoma."

Kijana alicheka mpaka akashika magoti. Jina lake Machibya, muuza dagaa wa Igogo, na hakuondoka bila namba ya simu.

Tangu hapo simu hazikupoa.

"Afande wangu, umetua?"

"Nimetua, mpenzi. Umekula?"

"Nitakulaje na wewe uko juu?"

Jumamosi moja asubuhi, Evelina alikuwa uwanja wa ndege kule Ilemela akikagua ndege ndogo ya chuo. Machibya akatokea. Viatu vinang'aa, shati la zambarau limepigwa pasi, begi mkononi.

"Nimeaga Igogo nzima. Leo nakula cha mchana Bukoba na wewe."

Evelina aliondoa mkono kwenye bawa. "Machibya, leo haiwezekani. Nikitaka leseni ya urubani wa biashara, lazima niwe na saa nilizoruka peke yangu. Na leo ndiyo safari ndefu: Bukoba, Kahama, ndipo nirudi. Mtu mwingine akikaa humu, haihesabiwi."

"Nitakaa kimya."

"Hata ukilala usingizi."

"Kwa hiyo mimi ni mzigo?"

"Kwa leo, ndiyo," alisema akicheka.

Machibya hakucheka. Aligeuka na begi lake, akaenda bila kuaga.

Evelina akapiga simu. Haipatikani. Akaizunguka ndege, akagusa bawa alilokwisha kuligusa, akapiga tena. Haipatikani. Jumatatu ndege ilikuwa inapelekwa Arusha kufanyiwa matengenezo, na hakuna aliyejua ingerudi lini. Wenzake wote walikwisha kuimaliza safari hiyo.

Mwalimu wake, Kapteni Zeeshan, alikuwa akimtazama mikono.

"Moyo umetulia?"

Kusema uongo kulikuwa rahisi. "Haujatulia, Kapteni."

"Basi huruki. Kautulize. Upepo ukizidi, hakuna safari."

Alikaa, akasimama, akakaa tena. Majani kando ya uwanja yalianza kuinama. Hatimaye simu ikaita.

"Niko barabarani," sauti ya Machibya ilikuwa nzito. "Igogo naona aibu kurudi, na kwako nimefukuzwa."

"Sikukufukuza, mpenzi. Nilitania vibaya. Nisamehe."

"Niambie tena, taratibu. Kwa nini mtu mmoja?"

"Kwa sababu injini ikikohoa juu ya ziwa, wanataka kujua nitafanya nini nikiwa sina wa kumtazama."

"Na nikiwepo mimi?"

"Nitakutazama wewe."

Pikipiki zilisikika zikipita karibu na Machibya.

"Basi usinitazame," akasema. "Nenda. Urudi."

Evelina alifuta uso kwa mkono wa shati, akamwendea mwalimu. Kapteni Zeeshan aliitazama tena ile mikono, sasa imetulia, akampisha.

Ziwa lilifunguka chini yake, visiwa vimetawanyika. Kando yake kiti kitupu kilikuwa kimefungwa mkanda. Hakukitazama. Alitua Bukoba, akanywa maji, akaruka. Alitua Kahama, akaruka. Upepo uliisukuma ndege upande, naye akairudisha. Mwanza ilipotokea, mawe yake yakimeremeta kwa jua la alasiri, alipiga kelele peke yake humo ndani kama mtoto.

Machibya alikuwa kwenye uzio. Shati la zambarau limekunjamana, midomo imekauka.

"Umekula?" Evelina akamuuliza.

"Ningekulaje?"

"Imehesabiwa, Machibya! Yote!"

Evelina alimshika mikono kupitia kwenye nyaya.

"Kesho twende Magu," Machibya akasema. "Mama amuone mke wangu, kama huyo mke atakubali."

"Amekubali. Tunaendaje?"

"Kwa basi. Viti viwili."

"Nikae dirishani?"

"Umekaa dirishani tangu asubuhi, afande. Kesho ni zamu yangu."