Digrii Kumi za Adabu

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Wakesho aliketi mezani na baba yake wakafanya hesabu za kuongoza meli. Baba huyo, Obadiah, alikuwa baharia Mombasa, amekuja likizo nyumbani Sagalla, milimani mbali na bahari, kujiandaa kwa mtihani wa uafisa. Miaka kumi na mitano tangu Uhuru, na waliotoa amri melini bado walikuwa wageni. Mwafrika alishika usukani akaitika. Mwaka uliopita Obadiah alianguka mtihani huo, na jirani yao Thadeus hakumwacha asahau. "Kapteni," alimwita kila walipokutana, "bahari ya Sagalla imejaa leo?"

Baba alimweleza Wakesho kwamba dira haifuatwi kama ilivyo. Sumaku ya dunia huivuta pembeni, chuma cha meli nacho huipotosha. Hata hayo yakisahihishwa, upepo husukuma meli ubavuni.

Jioni moja swali lilitaka meli ifuate mashariki kamili, digrii tisini, upepo ukitoka kaskazini na kuisukuma digrii tano. Kwa sumaku ya dunia, ongeza mbili. Kwa chuma, toa tatu. Kila mmoja alikokotoa peke yake. Wakesho alipata themanini na nne. Baba alisema amepata tisini na nne, akamwuliza yeye kapata ngapi.

Wakesho aliliona kosa. Anayepita ubavuni mwa mlima na mzigo wa kuni huelekeza hatua juu kidogo, maana mteremko humvuta chini. Baba alikuwa ameielekeza meli kule kule upepo unakoisukuma. Lakini mama alishamwonya asimvunje baba moyo, na mtoto hamkosoi mzazi.

"Tisini na nne, Baba," akasema.

Asubuhi ya safari ya kurudi Mombasa kwa mtihani, baba akiwa amebeba sanduku kwenda kituo cha reli Voi, Wakesho alimzuia mlangoni.

"Baba, nilikudanganya jibu la lile swali la meli ya mashariki. Upepo ulitoka kaskazini. Ulifaa kutoa tano, wewe uliongeza."

Mama akaanza kumkemea. Obadiah aliweka sanduku chini, akalirudia swali kwa kalamu juu ya kifuniko chake mpaka akapata themanini na nne.

"Mwache, Mama Wakesho. Nimeona nahodha mgeni aliyezungukwa na watu wa 'ndiyo, bwana' akipandisha meli mwambani. Yeye alirudi kwao mkavu. Waliozama walikuwa wetu."

Kisha akamgeukia binti yake. "Mwanangu, adabu ni namna ya kusema ukweli. Anayeuficha hana adabu, ana woga tu. Haya, nisindikize, uniulize mengine njiani. Nikikosea, sema hapo hapo."