Mguu wa Kulia wa Gobore

Mwaka 1984 mvua ilitukataa kule Jilore, na nguruwe mwitu wakabaki na kazi moja tu: kumaliza muhogo wetu. Lilisalia shamba moja. Likiisha hilo, watoto wa kaka yangu Kiponda hawana cha kula.

Jioni hiyo tukabeba gobore la marehemu baba. Ni zito, halipigi sawa bila kuegemezwa, nami nilikuwa nimelichongea miguu miwili ya mti, sawasawa kama pacha. Mpumbavu mimi! Nilipimia uani, penye tambarare. Pale mteremkoni mguu wa kulia ulining'inia hewani, mtutu ukalala upande.

"Tafuta mrefu zaidi, mwanehu," Kiponda akaninong'oneza. "Mimi nazunguka kulia niwafukuze waje mbele yako. Upesi, jua lazama."

Pembeni mwa shamba nikakuta kigingi kikavu, kimefungwa kitambaa chekundu. Sijitetei: nilijua ni koma, kigingi cha mzimu wa mtu. Nikajiambia wenyewe walishahama. Nikaking'oa. Kilizidi vidole vinne, nikakikata kwa panga.

Harufu ya pombe ya mnazi, ile wanayomwagiwa koma, ikanijaa puani...

Nikakifunga. Gobore likakaa sawa. Nguruwe wakatokea kushoto, nikalenga jike kubwa.

Kwich...

Mtutu ukasogea kulia. Nikadhani mguu umezama, nikauwekea jiwe. Nikalenga tena.

Kwich...

Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu. Mguu haukuzama.

Ulikuwa unapiga goti.

Nikafumbua kinywa nimwite Kiponda alale chini. Kidole changu hakikugusa kifyatulio, naapa.

Mlio ukapasua bonde.

Nguruwe wakaendelea kutafuna. Kiponda hakuinuka tena.

Mama alipokiona kile kigingi alikaa chini mchangani. Mwaka uliopita, mimi nikiwa kazini hotelini Bofa, baba alimjia Kiponda ndotoni, akataka asimamishwe pale alinde muhogo.

"Ulimkata kiasi gani?" mama akauliza polepole.

"Vidole vinne, mama."

Hakulia. Aliutazama mguu wangu wa kulia.

Fundi viatu wa Malindi huniongezea soli ya kiatu cha kulia. Kila nikienda hunipima, hutikisa kichwa, kisha hupima tena. Naogopa, wala sioni pa kukimbilia. Nilijua nitalipa vidole vinne, nikavikubali.

Vilitimia mwaka wa kwanza. Huu ni wa tatu.