Pipa la Buluu la Tryphena

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tryphena aliyageuza mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai nyuma ya nyumba yao, Mbololo. Siku moja nyanya yake aliitafuna punje moja, ikalia ka!

"Yamekauka," alisema. "Sasa tutafute chombo cha kuyaweka, maana mvua hizi hazitabiriki. Umeziona ndoo za Auma? Zilikuwa za mafuta ya kupikia, kwenye hoteli moja kule Voi. Vifuniko vyake havipitishi hata hewa, fukusi hapati njia. Mtoto yule ana akili!"

Tryphena alihisi moyo ukimchoma. Shuleni Auma, mtoto wa jirani yao, alisifiwa kwa mwandiko, kanisani kwa sauti, na sasa hata kwa ndoo!

"Hata mimi nitaleta chombo, Nyanya. Kikubwa kuliko vya Auma."

Jioni alimchukua kuku wake mwenye madoadoa, akabadilishana na muuza vyuma chakavu kwa pipa la plastiki la buluu. Ubavuni palikuwa na karatasi yenye picha ya fuvu.

"Lilikuwa la dawa ya kuua wadudu shambani," muuzaji alimwonya. "Litie takataka tu."

Njiani Tryphena aliikwangua ile picha kwa jiwe mpaka ikatoka. Kisha akaliosha pipa kwa sabuni na majivu, akalianika.

Jumamosi, Nyanya, ambaye mafua yalikuwa yamemziba pua, aliuliza, "Lilikuwa la nini?"

"La... la juisi, Nyanya."

Auma alifika na mama yake pamoja na mdogo wake, Oundo. Akalizunguka pipa.

"Wee, Tryphena! Ndoo zetu ni vikombe tu mbele ya hili!"

Maneno hayo yalikuwa matamu kuliko asali. Hatimaye Auma ndiye aliyemwonea wivu!

"Mama," mama yake Auma alimwambia Nyanya, "ndoo zetu zimejaa na nimebaki na gunia la mahindi. Tafadhali, tuweke pamoja?"

"Leta, mwanangu. Njaa haibagui nyumba."

Gunia lilipoletwa, punje chache zilianguka. Oundo aliokota moja akaitia mdomoni, akacheka. Tryphena alimtazama akitafuna. Utamu wote ukamtoka.

"Msiyamwage humo!" alilia. "Lilikuwa la sumu! Niliikwangua picha ya fuvu kwa jiwe!"

Mama yake Auma alimvuta Oundo mbali na pipa.

"Ungetuua," Auma alisema, "kwa sababu ya ndoo?"

Nyanya aliingia ndani, akatoka na shoka, akalitoboa pipa kila upande, mtu asije akalitekea maji.

"Nisameheni," Tryphena alisema huku akilia.

Auma alikunja uso. "Jumatatu tukitoka shule nitakupeleka hotelini wakupe ndoo," alisema. "Lakini utazibeba mwenyewe, na zetu mpya pia!"

Nyanya alimketisha Tryphena kando yake.

"Chombo cha chakula hatukichagui kwa ukubwa wala rangi. Kwanza tunauliza kilibeba nini, kisha tunaangalia kama kifuniko kinafunga. Sumu hunywewa na plastiki, sabuni haiitoi. Umefanya vema kusema kabla hatujala. Lakini ujue, mjukuu wangu, picha ile haikukwanguliwa na jiwe. Ilikwanguliwa na wivu."